Gesi haina rangi, hewa haina rangi: haya masizi chini ya sufuria yametoka wapi?

Kijana wa Igogo (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwanza, Igogo, upande wa ziwani. Miezi miwili iliyopita nilimnunulia mama jiko la gesi la pleti mbili ili aachane na mkaa. Wiki za kwanza mambo yalikuwa safi: moto wa bluu, sufuria zinang'aa mpaka jirani akaja kuuliza bei. Wiki hizi mbili sufuria zinashuka jikoni nyeusi tii, utadhani zimetoka mafigani. Mama ameshatoa hukumu: gesi imechakachuliwa, mtungi urudi dukani. Mwenye duka naye anaapa kwamba mtungi ulikuja na sili yake na hakuugusa.

Jana usiku umeme ulikatika, nikakaa natazama ule moto, swali likanijia. Gesi ndani ya mtungi haina rangi. Hewa haina rangi. Jiko ni chuma. Huu weusi umetoka wapi? Kama ulikuwemo kwenye mtungi, mbona ukifungulia bila kuwasha hautoki? (Nilijaribu nje uwanjani, sekunde moja tu, msinifokee.)

Masizi nayajua. Nimevua dagaa Kayenze miaka miwili kabla ya kurudi mjini, nimeyaona ya koroboi, ya kuni na ya karabai lililokorofisha usiku wa manane. Siku zote nilijua masizi ni uchafu wa mafuta. Sasa na gesi nayo?

Wajuvi karibuni, mafundi karibuni.

Baba Neema (#2)

Siku hizi wanachanganya na maji. Rudisha mtungi, usipoteze muda.

Ng'wana Magu (#3)

Maji yangekaa chini ya mtungi yakatulia mkuu. Tena maji yakatoe masizi? Hebu tuwaachie wanaojua. Naweka kambi hapa.

Fundi Majiko Buzuruga (#4)

Mleta uzi, nijibu mambo matatu kabla sijasema lolote. Moto sasa hivi una rangi gani? Pleti zote mbili zinatoa masizi au moja? Na huo unjano unatokea muda wote, au chungu kikifurika tu?

Kijana wa Igogo (#5)

Fundi, ni pleti kubwa tu. Moto wake ni wa njano, mrefu, unalamba sufuria na kupanda pembeni. Unatokea muda wote. Pleti ndogo bado ni bluu kama siku ya kwanza.

Fundi Majiko Buzuruga (#6)

Basi mtungi hauna kesi. Pleti zote mbili zinanyonya mtungi mmoja, bomba moja. Gesi ingekuwa mbovu, zote zingelia. Tatizo liko kwenye pleti kubwa, na mimi naitilia shaka hewa. Kesho mchana zima, funga mtungi, acha ipoe, kisha chomoa lile bomba la pleti kubwa utazame ndani kwa tochi. Usichokoe kitundu cha gesi kwa sindano! Wengi wanakitanua hapo hapo, halafu jiko linakuwa bovu moja kwa moja.

Kwa nini hewa ikikosekana weusi unatokea, hapo namwachia mwalimu wetu. Najua anasoma huu uzi kimyakimya.

Mwl. wa Sengerema (#7)

Fundi umenitoa mafichoni.

Kijana, masizi hayakuwemo kwenye mtungi na hayakuwemo hewani. Yanajengwa ndani ya moto wenyewe, mbele ya macho yako, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mtungi wako una propani na butani. Propani ni kaboni 3 na haidrojeni 8, butani ni kaboni 4 na haidrojeni 10. Kaboni ni ile ile ya mkaa. Kwa hiyo weusi umo ndani ya mtungi, ila umegawanywa vipande vya kaboni tatu tatu na nne nne, kila kipande kimevishwa haidrojeni. Ukiwa katika hali hiyo, jicho halioni kitu.

Lita 1 ya propani ikitaka kuungua yote inahitaji lita kama 24 za hewa. Butani inahitaji kama 31. Ni hewa nyingi mno, ndiyo maana jiko limeundwa kuanza kuivuta mapema. Gesi inachomoka kwa kasi kwenye kitundu chembamba, kasi hiyo inavuta hewa kupitia uwazi ulio pembeni, vikachanganyika ndani ya bomba kabla ya kuuona moto. Hewa ya kutosha ikitangulia hivyo, moto unakuwa bluu. Bluu hiyo ni mwanga wa vipande vidogo sana, kaboni na haidrojeni au kaboni mbili, vinavyowaka na kupotea papo hapo. Havipati nafasi ya kujikusanya.

Sasa uwazi wa hewa ukizibwa. Gesi inafika kwenye joto ikiwa peke yake. Oksijeni iko nje ya mwali, inaingia taratibu kutoka pembeni. Katikati kuna joto la nyuzi zaidi ya 1,000 lakini hakuna cha kuungua nacho. Molekuli zinakatika. Haidrojeni zinang'oka, na kaboni zinabaki zimeshikana mbili mbili. Gesi hiyo ya kaboni mbili na haidrojeni mbili ni asetilini.

Pita gereji yoyote ya Nyakato asubuhi utaiona. Fundi wa kuchomelea anapowasha mpini wake akiwa amefungulia asetilini tupu, moto unakuwa wa njano iliyoiva na nyuzi nyeusi zinaelea hewani kama utando wa buibui, zinatua kwenye shati lako. Akifungulia oksijeni tu, moto unanywea, unakuwa mkali mweupe wa bluu, na zile nyuzi zinakatika. Gesi ni ile ile, hakubadilisha mtungi. Mwambie mama akaangalie.

Nahudumia wateja kidogo, narudi. (Ualimu nilistaafu, sasa nina duka la dawa za mifugo.)

Dada wa Mkuyuni (#8)

Mwalimu shikamoo. Usichelewe, ugali unaungua huku nasoma.

Mwl. wa Sengerema (#9)

Marahaba. Geuza ugali kwanza.

Naendelea. Asetilini ndiyo tofali. Ila tofali bila msingi halijengi, na msingi wenyewe ni pete. Vipande viwili vya kaboni tatu tatu, vilivyonyang'anywa haidrojeni na kubaki na mkono mmoja mtupu, vinagongana na kujifunga kuwa pete ya kaboni 6. Hiyo ndiyo benzini, namaanisha molekuli ya pete, si petroli ya bodaboda.

Pete ikishapatikana, mambo yanakwenda mbio. Chembe ya haidrojeni inapita na kuipokonya pete haidrojeni yake moja. Pengo linabaki. Asetilini inaingia pengoni. Haidrojeni nyingine inapokonywa, asetilini nyingine inaingia, na pete ya pili imekamilika. Pete mbili ni naftalini, ile ya vidonge vyeupe tulivyokuwa tukiweka kabatini kufukuza nondo. Zinakuja tatu, nne, saba. Aliyeieleza vizuri hii hatua ya kunyang'anya na kujaza ni mwanasayansi Michael Frenklach pamoja na wenzake. Mwishowe unapata kipande bapa kama sega la nyuki, upana wake molekuli moja tu.

Hapo bado ni gesi. Kigumu kinaanzaje? Hili ndilo fundo lenyewe, na watu wanabishana mpaka leo. Maelezo ya zamani yalisema vipande bapa viwili vinapandana kama chapati na kushikana. Tatizo ni kwamba kwenye joto lile chapati hizo zinatikisika sana, zilitakiwa ziachiane kabla ya kuzoeana. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti wa Marekani, Hope Michelsen akiwemo, kilipendekeza njia nyingine: kuna vipande vyenye mkono mtupu ambavyo havijali sana kuwa na mkono mtupu, kwa hiyo vinaishi muda wa kutosha kushika mwenzake, na vikishashika vinabaki na mkono mwingine wa kushika wa tatu, na wa nne, mnyororo unakwenda. Mimi hii imenikaa kichwani kuliko ile ya chapati, lakini kesi haijafungwa.

Kuanzia hapo ni rahisi. Chembe ya kwanza ina nanomita 1 au 2. Inagongana na wenzake na kuungana, huku asetilini ikiendelea kujibandika juu yake, mpaka inakuwa kipira cha nanomita 20 mpaka 50. Unywele wako una kama 70,000. Kipira cha nanomita 30 kina kaboni kama milioni moja. Vipira vikifika ukubwa huo na kupoa kidogo haviyeyukiani tena, vinagandana tu kwa kugusana, vinakuwa kichala. Ukiona masizi kwenye hadubini kubwa ya elektroni, ni vichala vya shanga vilivyojikunja ovyo, vingine na shanga makumi, vingine mamia.

Kazi yote hiyo, kuanzia gesi isiyoonekana mpaka kichala, inachukua milisekunde chache, kwenye mwali mrefu makumi ya milisekunde.

Ng'wana Magu (#10)

Daah. Mimi nilidhani unaokoteza tu.

Baba Neema (#11)

Mwalimu sikatai. Ila mbona mshumaa una moto wa njano na hautoi masizi? Nimewasha jana huo huo usiku wa kukatika umeme, dari ni safi.

Mwl. wa Sengerema (#12)

Baba Neema, unayatoa sana, ila yanaungua kabla hayajakufikia. Chukua kijiko kikavu, baridi. Kipitishe katikati ya ule unjano, hesabu mpaka tatu, kitoe. Kitakuwa cheusi. Kisha kijiko kingine kishike juu kabisa, kidole kimoja juu ya ncha ya moto. Kitatoka karibu safi.

Masizi yanazaliwa chini, yanapanda, na yakifika kwenye ngozi ya nje ya moto yanakutana na oksijeni na vipande vyake vyenye njaa, yanaliwa. Mshumaa uliotulia unamaliza kula kabla ya ncha. Ukiupiga upepo, au utambi ukiwa mrefu, ncha inapoa kabla kazi haijaisha, na yaliyosalia yanatoroka. Moshi mweusi wa kibatari ni masizi yaliyotoroka.

Na sufuria nayo inaingilia. Moto mrefu wa njano ukilamba chuma chenye maji baridi, unapoa ghafla ukiwa bado umejaa masizi. Tena chembe ndogo zikiwa baina ya hewa ya moto na kitu cha baridi zinasukumwa kuelekea baridi, kwa sababu molekuli za upande wa moto zinazigonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo zinakimbilia kwenye sufuria zenyewe. Bibi zetu walipaka sabuni au tope nje ya chungu kabla ya kukiinjika kwenye kuni, masizi yanashika tope, tope linaoshwa. Hawakuzuia, walitega.

Mvuvi Mstaafu (#13)

Kijana wa Igogo, mimi pia nimepita Kayenze, na kabla ya hapo Ukara. Tulipoanza, sisi ni karabai la mafuta ya taa juu ya boya, mwezi ukiingia giza tunashuka majini, mbalamwezi ikikaa tunashona nyavu. Mwalimu, swali langu: koroboi na karabai vyote vinachoma mafuta ya taa yale yale. Moja linaweza kuita dagaa wa maji yote, lingine halimuangazii hata mwenye nalo. Tena lenye mwanga mdogo ndilo lenye masizi. Hapo inakuwaje?

Mwl. wa Sengerema (#14)

Mzee wangu, shikamoo. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa hiyo vumilieni nikiwa mrefu.

Ule mwanga wa njano wa koroboi, mnadhani ni wa nini? Ni masizi yenyewe. Moto wa gesi safi hauna mwanga wa maana, tazama pleti ndogo ya kijana, usiku huwezi kusoma nayo hata kichwa cha gazeti. Koroboi inaangaza kwa sababu ndani ya mwali mna mamilioni ya chembe ngumu za kaboni zenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi, na kitu kigumu kikifika hapo kinawaka njano kama chuma cha mhunzi. Kila chembe ni taa ndogo. Humphry Davy, Mwingereza aliyeunda taa ya usalama ya wachimba makaa mwaka 1815, ndiye aliyeling'amua hili, na Michael Faraday akaja kulionyesha kwa mshumaa mbele ya vijana mjini London mwaka 1860. Kwa hiyo anayewasha koroboi ananunua masizi. Anayatumia mwanga wakati yanapita, kisha yaliyobaki anayavuta puani.

Karabai linafanya kinyume. Mafuta yanasukumwa kwa pampu, yanapashwa mpaka yanakuwa mvuke, yanavuta hewa, kama jiko la gesi. Moto wenyewe ni bluu, hauna mwanga. Halafu moto huo unapiga kile kisoksi cheupe mnachokifunga kwa uzi. Kisoksi ni majivu ya oksidi za metali, kigumu kisichoungua, na ndicho kinachong'aa badala ya masizi. Wazo hilo ni la Mwaustria Carl Auer von Welsbach, alilipatia hataza mwaka 1885, na baadaye akafikia mchanganyiko uliodumu: oksidi ya thoriamu na seriamu kidogo tu, kama asilimia 1. Kwa hiyo chembe ngumu inahitajika pote pawili. Koroboi inaijenga yenyewe na kuitupa, karabai limening'iniziwa moja ya kudumu.

Na jina lenyewe mzee: karabai limetokana na kabaidi, yale mawe yanayotiwa maji yakatoa gesi, maana taa za kwanza za jina hilo ziliwaka kwa gesi hiyo. Gesi yenyewe ni asetilini. Ile ile tofali.

Mvuvi Mstaafu (#15)

Marahaba. Miaka yote naifunga ile soksi kwa uzi, sikuwahi kujua ni majivu. Ndiyo maana ukiigusa inasagika. Siku hizi vijana wanatumia taa za sola, hawatajua tabu ya kubadilisha soksi mtumbwi ukiyumba.

Binti Ukerewe (#16)

Nimesoma mpaka darasa la saba kwa koroboi. Asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi, tunachekana njia nzima. Mwalimu, ni kiasi gani tulikuwa tunavuta?

Mwl. wa Sengerema (#17)

Mlichovuta wewe na nduguzo siwezi kukipima, kinategemea madirisha na mlivyoinamia daftari. Lakini kiasi kinachotoka kwenye taa kimepimwa. Taa ya utambi isiyo na chemli inageuza asilimia 7 mpaka 9 ya mafuta yake kuwa masizi, na ni karibu kaboni tupu. Lita 1 ya mafuta ya taa ina gramu kama 800. Piga hesabu: gramu 56 mpaka 72 za masizi kwa kila lita, ndani ya nyumba. Kuni zikichomwa ni kama nusu asilimia tu. Mimi mwenyewe niliposoma hizo namba nilirudia mara mbili, kwa sababu macho yanaona kuni ndizo chafu.

Chemli inasaidia kwa sababu kioo kinafanya hewa ipande kwa kasi na kuzuia upepo, oksijeni inafika kwa wakati. Ila ukikuza utambi kupita kiasi kioo kinageuka cheusi. Urefu ule ambao mwali unaanza kutoa moshi ni kipimo kinachotumika hata kwa mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa: yanachomwa kwenye taa ya utambi, na mwali utoe moshi baada ya milimita 25, au 18 kama naftalini ni chini ya asilimia 3. Mafuta yenye pete nyingi tangu mwanzo yanatoa moshi mapema, kwa sababu msingi umeshachimbwa. Pombe kali ni kinyume, ina oksijeni ndani yake mwenyewe, inaungua bluu. Wanaopima gongo kwa kiberiti wanalijua hilo bila kemia.

Ng'wana Magu (#18)

Mwalimu gongo umeijuaje? 😂

Mwl. wa Sengerema (#19)

Kwa kusoma.

Mama Samaki (#20)

Hamjambo wanangu. Mimi nabanika samaki, sangara na sato, kazi ya miaka mingi. Mnasema moto wa njano una masizi. Sisi hatutaki moto kabisa, tunataka moshi. Kuni tukishaziwasha tunazifunika, unatoka moshi mweupe mzito. Huo nao ni masizi? Mbona samaki hawi mweusi, anakuwa rangi ya dhahabu?

Fundi Majiko Buzuruga (#21)

Shikamoo mama. Swali zuri, hata mimi nalisubiri jibu.

Mwl. wa Sengerema (#22)

Mama Samaki, hujambo. Huo siyo masizi. Moshi mweupe ni ukungu. Kuni ikipata joto bila mwali inatoa mvuke wa maji, asidi na lami, vikifika kwenye hewa ya baridi vinaganda kuwa matone madogo mno. Ni chembe za kimiminika. Rangi ya dhahabu na ile harufu vinatoka kwenye matone hayo, hasa yale yanayotokana na kile kinachoushika mti ukawa mgumu. Masizi yanahitaji joto kubwa kuliko hilo, ndiyo maana jiko lako halina.

Ila kuna mlango wa nyuma. Sangara ana mafuta. Mafuta yakidondoka kwenye kaa la moto, yanalipuka mwali mdogo wa njano, na hapo zile pete nilizosimulia zinajengwa, zinapanda na moshi, zinatua juu ya samaki kabla hazijafika kuwa masizi. Mojawapo ni benzopairini, pete 5, na inasababisha saratani. Umoja wa Ulaya haukubali izidi mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi. Jaribu kuweka bati la kukinga mafuta kati ya samaki na moto, na utumie kuni zilizokwisha kuwa kaa kwa sehemu ya kukausha. Kuna tanuri lililobuniwa Thiaroye, Senegali, kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, limejengwa juu ya wazo hilo hilo la kukinga mafuta.

Mama Samaki (#23)

Bati nitaweka. Mafuta yenyewe nitakinga nikaangie, si hasara. Wabeja.

Baba Neema (#24)

Basi tubaki na mkaa. Hauna moshi wala masizi, na ladha iko palepale.

Fundi Majiko Buzuruga (#25)

Ni kweli mkaa ukishika haupaki sufuria, gesi zake zilishaondokea kwenye tanuri porini. Lakini ule mwali mdogo wa bluu unaochezacheza juu ya mkaa ni kaboni monoksidi ikiungua, na isipoungua inabaki chumbani. Haina harufu, haina rangi, watu wanalala nayo hawaamki. Usimshawishi mtu alaze jiko la mkaa ndani, tafadhali.

Dada wa Mkuyuni (#26)

Mimi niulize la kijinga. Wakati mwingine maji ya chumvi yanamwagikia motoni, moto wa bluu unaruka rangi ya machungwa. Nayo ni masizi?

Mwl. wa Sengerema (#27)

Si la kijinga, fundi aliliuliza tangu mwanzo. Hiyo ni sodiamu ya chumvi ikiwaka, haina masizi hata chembe. Kijiko kitakuambia: kikitoka safi ni chumvi, kikitoka cheusi ni kaboni.

Na kuhusu madhara ya masizi, nitagusa tu. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliona saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa vijana wanaosafisha mabomba ya moshi, na akayashitaki masizi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika. Vile vichala ni vidogo kiasi cha kufika mwisho wa mapafu, na vinabeba zile pete juu yake.

Ng'wana Magu (#28)

Na faida je? Au ni balaa tupu?

Mwl. wa Sengerema (#29)

Kanyaga tairi la bodaboda. Weusi wake ni masizi yaliyotengenezwa makusudi kiwandani, kama robo ya uzito wa tairi, bila hayo mpira ungeisha haraka. Wino wa zamani, wanja wa bibi. Na moto unajenga hata chembe nyeupe: ukitia mvuke wenye silikoni kwenye mwali wa haidrojeni unapata unga wa silika mwepesi kama manyoya, na vichala vyake vina sura ile ile ya masizi. Umo kwenye dawa ya meno.

Kijana wa Igogo (#30)

Wakuu, mrejesho.

Leo mchana nimefunga mtungi, nikangoja jiko lipoe, nikafungua pleti kubwa kama fundi alivyoelekeza. Ndani ya bomba, pale pale kwenye uwazi wa hewa, kuna utando wa buibui, na utando umejaa wale wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama wingu la moshi juu ya maji asubuhi na jioni hufuata taa. Jiko limekaa karibu na dirisha, juu yake kuna balbu. Buibui alichagua mahali pazuri. Wadudu waliokauka wameziba zaidi ya nusu ya njia.

Nimetoa kwa brashi ya mswaki wa zamani, kitundu cha gesi sijakigusa. Kabla ya kusafisha nilijaribu kijiko: cheusi kwa hesabu ya tatu. Baada ya kusafisha: moto bluu, kijiko kimetoka safi, nimehesabu mpaka kumi.

Fundi Majiko Buzuruga (#31)

Nilijua. Huku ziwani kila mwaka nakutana na hao wadudu. Weka kipande cha chandarua dirishani, na usizibe uwazi wenyewe kwa chandarua, nimeshaona mtu amefanya hivyo.

Dada wa Mkuyuni (#32)

Mama anasemaje?

Kijana wa Igogo (#33)

Mama anasema buibui alikuja na mtungi. Mtungi haukurudi dukani, lakini mwenye duka hajaombwa radhi, na mimi sitalianzisha hilo. Sasa hivi mama anachotaka kujua ni nani aliyeunguza kijiko cha seti yake ya harusi. Wenye njia ya kutoa masizi kwenye kijiko cha fedha, tafadhali, kabla ya jioni.

Mama Samaki (#34)

Jivu na limao. Sugua taratibu.